Uliza kwanza chakula kitaliwa na nani

Siku hizi ukisafiri humkosi mtu wa kukuuzia ziara ya soko na darasa la mapishi. Asubuhi mnazungushwa sokoni, mchana mnapika, mnapiga picha, mnaagana. Mimi si mpinzani wa mambo hayo. Nimeshayalipia, na nikipata nafasi nitayalipia tena. Ila nina swali ambalo sasa huliuliza kabla sijatoa hela: hicho tutakachopika kitaliwa na nani? Nikijibiwa "nyie wageni", nashukuru na kuaga. Nikijibiwa "sisi sote hapa nyumbani, na mzee hula saa nane", nalipa.

Swali hilo nimelitoa Tanga. Kabla ya hapo niliwahi kuingia darasa la namna hiyo kwenye hoteli moja ya pwani ambayo siitaji. Vitunguu tulivikuta vimeshakatwa na kupangwa kwenye vibakuli. Tui lilikuwa la boksi. Kazi yetu ikawa kumimina kibakuli cha kwanza, halafu cha pili, huku mpishi akitusimulia habari za majahazi na biashara ya viungo. Chakula kilitoka kitamu, sikisingizii. Lakini nilirudi kwetu Mwanza sijui hata kuchagua nazi, na mtu asiyejua kuchagua hupikiwa na muuzaji, hata kama mwiko kaushika yeye.

Tanga tulikwenda mwezi wa saba, mimi na mke wangu, ambaye ni mwalimu na likizo yake ndiyo inayopanga safari zetu. Tulipanda basi Dar, tukapita Chalinze na Segera, na tulipofika Muheza machungwa yakaanza kupanda madirishani. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa Chumbageni. Mwenye nyumba aliposikia tunataka kujifunza kupika akasema hana haja ya kututafutia kampuni, anaye shangazi yake Ngamiani ambaye hupokea watu mara mojamoja. Akampigia simu palepale, akaweka sauti nje.

Masharti ya yule mama yalikuwa mafupi. Ada ni ya kufundisha tu. Kapu mtalilipia wenyewe, mkononi mwa muuzaji, mjue kitu kinauzwaje. Kitakachonunuliwa kitatosha nyumba nzima, na nyumba yangu ina watu. Saa nane chakula kiwe chini. "Na asubuhi msishibe," akamalizia.

Najua wapo watakaosema hapo tumepigwa: mtu analipia darasa, kisha analisha ukoo. Nami nilipiga hesabu hiyo usiku ule. Lakini fikiria upande wa pili. Mwanamke anayenunua chakula cha nyumba yake, kitakacholiwa na kaka yake mkubwa na wajukuu zake mchana uleule, hanunui samaki wa maonyesho. Hawezi kukuacha uunguze wali ili "ujifunze". Haigizi. Nilichokuwa nakitafuta ndicho hicho, na hakuna hoteli inayoweza kukiweka kwenye menyu.

Saa moja asubuhi tulimkuta Deep Sea, kwenye mwalo na soko la samaki, kajitanda kanga, kapu la ukindu begani, miguuni ndala za mpira. Sisi tulivaa viatu vya heshima, na pale chini ni maji, magamba na damu ya samaki. Ukienda, vaa ndala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Jana usiku mliutazama mwezi?"

Tuliutazama. Ulikuwa mpevu, umeng'aa kweli.

"Basi leo dagaa msiwaulize. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka hivi taa haina kazi. Lakini maji ni ya bamvua. Yatakupwa mpaka mwamba uonekane, na mwamba ukionekana pweza wa Mwambani wanaingia mjini. Hapa tunatafuta samaki wa kupaka tu. Pweza atatufuata nyumbani."

La dagaa nilikuwa nalijua, maana hata ziwani kwetu wavuvi wa dagaa hupumzika mwezi ukiwa mkubwa. La pweza lilikuwa jipya. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari hujaa sana na kukupwa sana, na kwenye pwani hii maji ya bamvua hufika chini kabisa karibu na saa nne asubuhi. Hapo ndipo watu, wakiwemo wanawake, hutembea kwa miguu juu ya mwamba na mikuki yao mifupi, wakichungulia mashimo. Maji yakiwa mafu, yasipojaa wala kukupwa sana, mwamba haufunuki vizuri, na pweza unayemkuta sokoni huenda amekaa kwenye barafu. Kwa hiyo yule mama hakuwa ameamua atapika nini. Alikuwa ameangalia juu tu. Karatasi ya darasa lile la hotelini iliandikwa chakula kilekile kwa mwaka mzima.

Na kulikuwa na kusi. Upepo wa kusi ukikaza vyombo vidogo haviendi mbali, ndiyo maana sakafuni walijaa samaki wa karibu: changu, tasi, pono, chewa wadogo. Mnada ulikuwa umechangamka, dalali akipandisha bei kwa sauti ya kukereketa, wachuuzi wakijibu kwa kidole au nyusi tu. Mwenyeji wetu hakuingia kwenye mnada. Alisimama nyuma ya mchuuzi anayemfahamu, akasubiri fungu liangukie kwake, ndipo akainama kuchagua. Mchuuzi anapata faida yake kidogo, mama anapata kuchagua. Kununua fungu zima la mnadani ni kwa mwenye biashara.

Hapo niliona jambo ambalo nikikumbuka safari ile ndilo linalonijia kwanza. Alimkamata changu kichwani kwa vidole viwili, akamnyanyua. Mwili ukabaki umenyooka, mkia hewani. Akamweka kando. Akamfuata mwingine wa fungu la jirani, akamnyanyua vilevile, huyo akaning'inia. Akafunua shavu: matamvua mekundu, ya leo. Akapitisha dole gumba mgongoni, akasimama mahali pamoja, akabonyeza, akamrudisha taratibu bila neno na kupangusa mkono kwenye kanga.

Kwenye bajaji ndipo alipotueleza. Samaki aliyelegea na matamvua yake yamefifia ni wa jana, hilo kila mtu analijua. Lakini aliyelegea na matamvua bado mekundu, jiulize nini kimemlegeza. Pwani ya Tanga imeteswa na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi. Mlipuko huvunja uti wa mgongo na kupasua kibofu cha hewa, damu ikavilia tumboni, na nyama yake huwa tepetepe na kuoza upesi. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa mshipi. Alikuwa akisema baruti inakula mara mbili, leo samaki na kesho nyumba ya samaki, kwa kuwa matumbawe yakishavunjika changu hana pa kukaa na pweza hana shimo. Zamani milio ilikuwa ikisikika asubuhi mpaka mjini. Siku hizi, alisema, imepungua mno, lakini kidole chake hakijaacha kukagua.

Changu wetu wawili walikuwa wa dema, ule mtego wa kusukwa. Kijana wa kupara samaki aliwashughulikia kwa ujira wake, akataka kukata vichwa, akaambiwa "weee!" kwa sauti iliyogeuza watu. Kichwa ni cha mzee, yule kaka yake mkubwa.

Kutoka hapo tukaenda soko la Mgandini. Sehemu ya mboga tuliipita mbiombio, ingawa ilipendeza: karoti, kabichi na hoho kutoka Lushoto, machungwa ya Muheza yamerundikwa mpaka njia imekuwa nyembamba. Mwenyeji alichukua nyanya, vitunguu, ndimu, fungu la mchunga, ile mboga ya majani machungu, pilipili mbuzi chache za kijani, akasonga. Kwenye viungo ndipo tulipokaa.

Iliki nyingi ya Tanga hutoka milima ya Usambara ya mashariki, huko Amani, ambako hulimwa chini ya kivuli cha msitu. Alichukua punje moja, akaipasua kwa ukucha, akatuonyesha ndani. Mbegu ziwe nyeusi na zinatenate kidoleni. Zikiwa za kahawia na kavu, zinazodondoka zenyewe, umebakiwa na ganda tu. Pilipili manga aliomba kidogo akaidondosha kwenye kikombe cha maji cha muuzaji, na muuzaji hakununa, akacheka. Ni mteja wake wa siku nyingi. Punje nzuri huzama. Zipo sehemu ambazo watu huchanganya na mbegu kavu za papai, zinafanana sana, ila hizo huelea. Mdalasini aliuvunja akasikiliza, akaunusa penye mvunjiko na si juu ya ganda. Bizari ya unga hakuigusa. "Unga huwezi kuuliza kitu," alisema. Tukanunua bizari nzima, ya manjano na nyembamba, tukaitwanga wenyewe.

Mchele aliuchagua wa mavuno yaliyopita. Kwa kuangalia tu nisingeutofautisha na mpya, lakini ukitia punje chache mdomoni na kuzitafuna, mpya hunata kwenye meno mapema. Mchele mpya kwenye tui hugeuka uji. Muuzaji alisema wake umetoka Mombo, kwenye mashamba ya umwagiliaji kule Korogwe, na mwenyeji akamjibu hajauliza umetoka wapi, ameuliza umekaa muda gani.

Kisha nazi. Alituacha kila mtu achague mbili, yeye akatazama. Mke wangu alitikisa, akasikia maji, akaridhika. Hiyo ni sawa, nazi isiyo na maji usiichukue. Lakini alituongezea mengine. Tazama yale macho matatu: yawe makavu, yasiwe na ukungu wala unyevu, kwa sababu uozo huingilia hapo. Pendelea iliyoachiwa kishungi cha makumbi juu ya macho. Ishike mkononi, kati ya mbili za ukubwa mmoja chukua nzito. Na usichukue iliyo changa kwa kudhani ndiyo tamu. Koroma lina ladha nzuri ya kutafuna ila tui lake ni maji matupu. Nazi ya tui ni ile iliyokomaa mpaka ganda likawa jeusi.

Nyumba yake ipo Ngamiani, kwenye ile mitaa ya barabara zenye namba, ambako baiskeli zinapita nyingi kuliko magari. Ni nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi umenyooka katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani ambako maisha yote yapo. Viatu mlangoni. Uani kulikuwa na majiko mawili ya mkaa, kinu, kuku wanazurura, na mjukuu wa kiume wa miaka kama kumi hivi aliyekuwa na shauku ya kuona wageni wakihangaika.

"Wewe mwanamme, mbuzi wako huyo," mwenyeji akaniambia, akinionyesha kibao cha kukunia nazi kwa kidevu.

Nikakaa. Mjukuu akacheka. Bibi yake akamgeukia: "Unamcheka nini? Kwa babu yako wewe, wanaume wanakuna."

Nazi huvunjwa kwa mgongo wa panga, ukiizungusha mkononi na kugonga kiunoni, mpaka ipasuke duara. Maji yake yalikingwa kwenye kikombe, akaonja yeye kwanza, ndipo akampa mtoto. Maji yakiwa makali au yana mafuta, nazi hiyo imeharibika, na ukiichanganya na nzima umemwaga zote. Kukuna kuna namna yake. Huanzi katikati. Unaanzia pembeni, ukizungusha kifuu polepole, unasukuma kwa viganja vyote viwili na kuvuta kidogokidogo ili zitoke nyuzi nyororo. Nyama ikikaribia kwisha sauti hubadilika. Mwanzoni ni laini, inanong'ona. Ukikaribia ile ngozi ya kahawia inaanza kukwaruza. Hapo acha. Ukiendelea, tui litakuwa na rangi ya chai na uchungu kwa mbali. Mwenyeji alikuwa amenipa mgongo, anachagua mchele kwenye ungo, na kila sauti ilipobadilika akasema "inatosha hiyo" bila kugeuka.

Tui la kwanza lilikamuliwa kwa maji ya uvuguvugu machache mno, kwenye kifumbu, likatoka zito, likafunikwa kawa na kuwekwa mbali na jua. La pili na la tatu likawa jepesi, la kupikia. Machicha wakapewa kuku. Vifuu vikawashia jiko. Sikuona kitu kilichotupwa isipokuwa maji ya kuoshea samaki, na hata hayo yalimwagwa chini ya mpapai.

Pweza alifika saa tano, kwa baiskeli, ndani ya ndoo ya plastiki, bado ana rangi ya mwamba. Hakuna aliyezungumza bei, walikuwa wameshamalizana kwa simu. Mke wangu akalipa, kijana akaendelea na safari. Kichwa kiligeuzwa ndani nje kama soksi, mfuko wa wino ukatolewa usipasuke, kisha macho, kisha ule mdomo mgumu uliojificha katikati ya minyiri. Halafu akalazwa juu ya jiwe la uani na kupigwa kwa mchi. Kazi hii alipewa mke wangu, na aliifanya kwa bidii ambayo sikuwa nimeiona kabla. Kupiga kunalegeza nyama; bila hivyo utatafuna mpaka kesho.

Sasa hapa nilidhani anataka kuchemsha, nikateka maji. Akanizuia kwa mkono. Pweza aliwekwa kwenye sufuria kavu, mfuniko juu, moto mdogo, bila tone la maji wala chumvi. Baada ya dakika chache tulipofunua, alikuwa amejikunja, amekuwa mwekundu wa zambarau, na sufuria imejaa maji yake mwenyewe karibu nusu. Humo ndimo alimoiva mpaka maji yakakauka. Ametoka baharini, chumvi anayo; ukimwongezea mapema, maji yakishakauka utaona cha moto. Alipochomwa kijiti na kijiti kikapita, akaepuliwa na kukatwa vipande.

Ilikuwa imeshakaribia saa saba. Mpaka hapo somo lilikuwa la polepole, maswali yanajibiwa, vicheko vipo. Adhana ya Adhuhuri ilipolia msikiti wa jirani, uani pakabadilika. Mzee alitoka chumbani na kofia yake, akatazama majiko, akasema "naona wageni mnapika," akaenda kusali. Maana yake kila mtu aliielewa. Kuanzia dakika ile mwenyeji hakuwa mwalimu tena, alikuwa mwenye nyumba mwenye njaa ya watu mabegani. Akawa anaagiza kwa neno moja: kitunguu, kata, mkaa, pisha. Kwangu darasa lilianza hapo. Mtu akiharakishwa na chakula cha kweli ndipo unapoona anachokithamini na anachokiacha. Kachumbari ilikatwa kwa fujo. Tui halikuharakishwa.

Vitunguu, saumu na tangawizi vilikaangwa, nyanya ikafuata, bizari ikafuata, tui jepesi likamiminwa, pweza akaingia. Pilipili mbuzi ikatiwa nzima na kikonyo chake. Jirani alikuwa amekuja kuomba kaa la moto, akachungulia sufuria, akasema, "Yakhe, mwaitia nzima? Ikiwapasukia hawa wa bara mtawazika." Mwenyeji akamwambia achukue moto wake aende.

Tui zito likaja mwisho. Hapa ndipo wengi wetu wa bara tunaposhindwa, na tukishindwa tunalaumu nazi. Tui likiachwa lichemke lenyewe hukatika, mafuta juu, maji chini. Hakukoroga kwa mwiko. Alichota kwa upawa, akanyanyua juu kidogo, akamimina tena, akachota, akamimina, bila kupumzika, mpaka mchuzi ulipoanza kutokota wote kwa pamoja. Alimwachia mke wangu upawa, akamtazama kwa jicho la pembeni, akaona mapovu yameanza upande mmoja, akaunyakua, akatuliza, akaurudisha. "Mzee hali tui lililokatika," alisema, na hiyo ndiyo maelezo yote tuliyopata. Ndimu ilikamuliwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Ndimu kwenye tui linalochemka nayo hulikata.

Simu zetu alikuwa amezipiga marufuku karibu na jiko. Mke wangu alijaribu mara moja, akaambiwa, "Weka hiyo, haikorogi."

Wali ulipikwa kwa tui jepesi lililopimwa kwa pingili moja ya kidole juu ya mchele. Ulipokauka ukafunikwa, mkaa ukapunguzwa chini na mwingine ukapaliwa juu ya mfuniko. Changu walichanjwa mpaka mfupani, wakalala kwenye chumvi, ndimu, saumu na tangawizi, wakachomwa upande mmoja baada ya mwingine, kisha wakapakwa rojo la tui zito, ukwaju na bizari, tabaka juu ya tabaka, wakirudishwa motoni kila mara mpaka rojo likashika. Mchunga uliwekwa pembeni. Ni mchungu, sikudanganyi, lakini mbele ya utamu wa nazi unajua kwa nini upo.

Saa nane na dakika kidogo jamvi lilitandikwa ukumbini. Wanaume na watoto wakubwa sinia moja, wanawake sinia jingine, kunawa kwa birika. Kila mtu hula upande wake, na kitoweo hukaa katikati mpaka mkubwa aanze kugawa. Mzee alikuwa akivunja vipande vya pweza na kuvisukuma kimyakimya upande wangu. Yeye mwenyewe wali hakuugusa. Mchana hula bada, ugali wa muhogo, na bila bada anasema hajala. Akanikatia tonge. Sisi Mwanza muhogo huuvundika kwanza ndipo tuupate ugali wa udaga wenye ile harufu yake. Huu wa makopa ya kuanikwa tu ni mweupe, unavutika, hauna ukali, na unabeba mchuzi wa pweza vizuri kuliko wali. Nilimwambia hivyo. Akacheka akaniongeza.

Ukoko uligombewa na wajukuu. Hakuna aliyetuuliza kama tumefurahia.

Kuna mambo madogo ambayo mtu akipanga kwenda ayajue. Ramadhani hakuna darasa la mchana. Huwa alasiri, mkipikia futari, na vitu ni vingine kabisa, maboga, mihogo ya nazi, kaimati. Ijumaa nyumba nyingi zina shughuli zao na mchana ni mfupi, chagua siku nyingine. Kinamama wabebe kanga, kinababa kaptura ziachwe hotelini. Sokoni Deep Sea usimpige mtu picha hujamwomba. Wavuvi wana sababu zao, na wengine wamechoka kuwa mandhari. Chukua noti ndogondogo, maana kapu hulipwa kwa watu wengi tofauti. Na kalenda ya mwezi uitazame mapema. Ukitaka pweza, panga siku za bamvua. Ukitaka dagaa, nenda giza.

Tangu turudi Mwanza nimekuwa nikipika kwa nazi mara kwa mara. Zetu huletwa kwa malori kutoka pwani, nyingi zimeshapoteza maji njiani, kwa hiyo macho na uzito ndivyo ninavyoamini, na muuzaji wangu wa Kirumba ameshanizoea kuona naligeuza fungu zima. Sangara nilimjaribu kwa kupaka. Mafuta yake yenyewe ni mengi, tui juu yake linakinaisha. Sato anafaa. Nilimpigia simu yule mama kumweleza kwamba rojo linakaa juu tu, nyama ndani haina ladha, akaniuliza huyo samaki anaishi maji gani. Nikamwambia maji baridi. Akasema basi hana chumvi yake, nimchanje kwa karibukaribu, chumvi niipake ndani ya machanjo na tumboni, si juu ya ngozi, na nimwache muda mrefu kuliko changu kabla hajaona moto. Nimefanya hivyo, na sasa anakolea.